Jinsi ya kuipata falsafa ya ofisi yenu ndogo ya usanifu bila kuandika maneno matupu

Kwenye ofisi ndogo ya usanifu majengo, watu watatu, watano, labda saba, kuna siku lazima ifike mtu aseme jamani tovuti iko tayari imebaki sehemu ya falsafa yetu tu, nani anaandika? Hapo ndo kila mtu anakumbuka ana kazi nyingine. Mwisho mmoja anajitolea, anaandika kwamba tunasanifu majengo yanayoheshimu mazingira na kumweka binadamu katikati kwa ubunifu na ubora wa hali ya juu, wenzake wanasema safi sana, inabandikwa, na kazi inaendelea kama jana.

Aya ya hivo haina uongo ndani yake, tatizo lake ni kwamba hamna wa kuipinga. Igeuze uone. Ofisi gani itasema sisi mazingira tunayadharau na binadamu tunamweka pembeni? Sasa kama kinyume cha sentensi yako hamna mtu mwenye akili zake anaweza kukishikilia, hiyo sentensi haitakusaidia kuamua chochote, na falsafa ya ofisi iko pale ili muamue, tena ile saa mbaya ambayo hela imepungua, mteja ana haraka na nyie wenyewe mmegawanyika.

Ofisi yenye bosi mmoja mwenye jina kubwa haina shida hii, falsafa ni yeye, akiingia mlangoni imeingia. Nyie mnaofanya kazi kwa kushirikiana ndo mnatakiwa kuitoa vichwani iwe kitu ambacho wote mnaweza kukisoma na kukibishia, na njia yenyewe naielezea hapa chini, sio lazima muifuate yote kwa mpangilio huu.

Anzeni na mlivyovikataa

Kusanyeni kazi zenu zote, zilizojengwa na zilizoishia kwenye karatasi, hasa hizo zilizoishia kwenye karatasi kwa sababu huko hamna kontrakta wala mkadiriaji majenzi wa kumsingizia. Zile picha za 3D zenye watu wanatabasamu na jua la jioni ziacheni, leteni michoro ya katikati ya safari, ile yenye kalamu nyekundu na tresing pepa (karatasi nyembamba inayoonyesha mchoro wa chini yake) imebandikwa juu ya nyingine. Pigeni zote ukutani, alafu kwa kila kazi mjibu swali moja tu: hapa tulikataa nini?

Nasisitiza kukataa kwa sababu mkiulizana mnapenda nini mtasikia mwanga, uwazi, mbao, na mwanga kila mtu anaupenda. Mkiulizana mlikataa nini ndo vinaanza kutoka vitu vyenye meno. Tulikataa kuukata ule mti ingawa ulitunyima vyumba viwili. Tulikataa koridoo lisilo na dirisha. Tulikataa kiyoyozi mpaka kwanza tumeligeuza jengo lielekee upepo, tulikataa kuchora uso wa mbele wakati plani, yaani mchoro wa mpangilio wa vyumba ukiangalia kutoka juu, bado haijakaa vizuri. Ukiona kukataa kwa aina moja kumejirudia kwenye kazi kadhaa ambazo hazifanani, na zaidi ya hapo zimechorwa na watu tofauti, basi mmeshika kitu. Kilichotokea mara moja tu msikihesabu, inawezekana yalikuwa masharti ya mteja yule.

Mfano wa kukataa kulikozaa falsafa nzima ni wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wa Ufaransa. Mwaka 1996 mji wa Bordeaux uliwapa kazi ya kukipendezesha kiuwanja kimoja chenye miti, Place Léon Aucoc. Wakaenda wakakaa, wakaangalia watu wanavyokitumia, wakaongea na wakazi, wakarudi na jibu kwamba hapa ni pazuri tayari, kinachotakiwa ni matunzo, mbadilishe changarawe, mtibu miti, msafishe mara kwa mara, basi. Ukisikia juu juu unaweza kudhani ni uvivu ila fuatilia kazi zao za mbele utaona ni kukataa kulekule kumekomaa. Hapohapo Bordeaux, mtaa wa Grand Parc, wakiwa na wenzao Frédéric Druot na Christophe Hutin, walishika majengo matatu ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530, na badala ya kubomoa wakayaongezea kwa nje vyumba vya vioo na roshani, wapangaji wakiwa wanaendelea kuishi humohumo wakati wa ujenzi. Mwaka 2021 Lacaton na Vassal wakapewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani. Msibomoe, ongezeni: unaweza kuisema kwa pumzi moja, na kijana aliyeajiriwa kwao leo akikuta jengo la zamani kwenye saiti anajua aanzie wapi bila kumuuliza mtu.

Geuzeni ziwe sentensi zinazowagharimu

Mkishapata orodha ya mnavyovikataa, kila kimoja kigeuzeni kiwe sentensi inayosema mtafanya nini, wakati gani, na mko tayari kukosa nini. Hiki kipande cha mwisho ndo wengi wanakiruka. "Tunajali mahali" haikugharimu kitu. "Hatuchori mstari kabla wawili wetu hawajakaa saiti asubuhi na jioni" inakugharimu, maana kuna mteja anataka wazo kamili kesho kutwa na itabidi umwambie hapana. "Tunapenda vifaa vya asili" haikugharimu kitu. "Kila kinachoweza kuharibika lazima kirekebishike na fundi anayepatikana karibu na jengo", hiyo inauma kwelikweli, inakufungia nusu ya vitu vizuri vilivyoko kwenye katalogi, na kuna siku utakutana na bawaba nzuri ajabu na utaiacha huku unaiangalia.

Angalia shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso, kijijini kwao msanifu Francis Kéré aliyeisanifu, iliyokamilika 2001. Paa la bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali ya udongo, hewa ya moto inapita katikati inatoka. Wazo hilo la hewa mwanafunzi yeyote wa usanifu anaweza kulichora. Ila kreni hapo haikuwa kitu cha kutegemea, kwa hiyo kenchi zikatengenezwa kwa nondo za kawaida, kitu ambacho mtu mwenye msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea anaweza kufundishwa, na wanakijiji wakafundishwa wakajenga. Wakati wa kuchagua unene wa chuma Kéré alikuwa anachagua pia nani atakuwa na uwezo wa kujenga shule nyingine baada ya hiyo. Sentensi zenu zinatakiwa kufika mpaka huko chini, kwenye nondo na bawaba. Zikiishia kwenye umbo la jengo bado hamjamaliza.

Msiziandike kwa pamoja kwenye faili moja la mtandaoni, wa kwanza kuandika ndo atashinda, wengine watarekebisha koma tu. Kila mtu aandike peke yake, kwa mkono, alafu zisomwe kwa sauti. Tano au sita zinatosha, zikiwa nyingi hamna atakayezikumbuka akiwa juu ya ngazi saiti simu iko sikioni.

Na mtapingana, mkipingana msikimbilie kutafuta maneno ya kati yanayomridhisha kila mtu, kwa sababu maneno ya kati ndo yaleyale ya tovuti. Tuseme mmoja anaamini jengo lionyeshe lilivyotengenezwa, mabomba nje, nyaya nje, mwingine anasema mteja hajaomba kulala na mabomba. Mkibishana kwa ladha mtakesha. Ulizaneni kila mmoja anaogopa nini. Utakuta wa kwanza anaogopa bomba likivuja ukuta mzima uvunjwe, wa pili anaogopa vumbi na kelele za maji usiku. Hapo sentensi inajileta yenyewe: bomba lolote lifikike bila kuvunja ukuta, na lisipite kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Hata neno kuonyesha au kuficha halimo tena, na wote wawili wameshinda walichokuwa wanakitaka.

Mezani, penseli iko mkononi mwa nani

Ofisi nyingi zikisema zinashirikiana ukichungulia ndani unakuta mmoja anachora wengine wanasifia. Au kinyume chake, kila mtu ana kura kwenye kila kitu mpaka jengo linatoka kama shati la viraka, kona hii ya huyu kona ile ya yule.

Mwaka 1945 msanifu mwenye jina kubwa Walter Gropius na wasanifu saba vijana, wawili kati yao wanawake, Jean Fletcher na Sarah Harkness, walianzisha ofisi ya The Architects Collaborative kule Cambridge, Massachusetts, Marekani. Kila kazi ilikuwa na kiongozi wake, na kila wiki walikutana, michoro inawekwa mezani, wenzake wanaikosoa, Gropius akiwemo, ila neno la mwisho linabaki kwa kiongozi wa kazi. Kwa hiyo hamna kupiga kura, na hamna mzee wa kukata shauri pia. Ofisi ile ilidumu mpaka 1995, ikiwa imeshakuwa kampuni kubwa kabisa ambayo haifanani tena na ile meza ya watu wanane, lakini utaratibu wenyewe kwa ofisi ndogo mimi sijaona unaoushinda: ukosoaji ni wa wote, uamuzi ni wa mmoja, na huyo mmoja anabadilika kwa kila kazi.

Kwenye kikao chenyewe wekeni masharti machache. Mwenye kazi aeleze kwa dakika chache tu alafu anyamaze, mchoro ukihitaji nusu saa ya maelezo basi mchoro wenyewe haujaiva. Mdogo kuliko wote kiofisi aongee wa kwanza, kwa sababu akimsikia mkubwa kwanza atakachosema ni kwamba anaungana naye. Na anayekosoa achukue penseli. Hili la penseli msilegeze hata kidogo.

Chukua plani ya kituo kidogo cha afya. Sehemu ya kusubiria iko katikati, benchi zinatazamana na dirisha la mapokezi. Mmoja anasema mimi hapa sipaelewi elewi. Asiruhusiwe kuishia hapo. Anaweka tresing pepa juu ya plani, anamchora mtu ameingia na mtoto mkononi, mlango, hatua nne, anageuka dirishani, na sasa anaeleza anaumwa nini huku benchi zima liko nyuma yake linasikia na linaangalia. Ile mistari ya macho anaipiga kwa kalamu nyekundu, inatoka kila kiti inakutana mgongoni kwa mgonjwa. Baada ya hapo hamna mtu anabishia ladha. Mwingine anavuta karatasi nyingine, anazungusha benchi nyuzi 90 ziangalie uani, dirisha la mapokezi analirudisha nyuma ya kona. Alafu yule mwanafunzi wa fildi aliyekuwa kimya anauliza, sasa huyu anayeangalia uani atajuaje zamu yake imefika? Kimya. Swali hilo hamna aliyekuwa nalo. Benchi zinarudishwa kidogo, ukuta wa kona unapewa mwanya mwembamba, kiasi cha kumwona nesi akitokea lakini sio kusikia yanayosemwa dirishani.

Kiongozi wa kazi anazikunja karatasi zote tatu anaondoka nazo mezani kwake, ataamua yeye. Anaweza asifuate hata moja, na hamna wa kununa, ila anadaiwa maelezo, ni sentensi ipi kati ya zile tano imemwongoza. Hayo maelezo yaingie kwenye daftari la maamuzi, tarehe, tumeamua nini, kwa sababu gani, mistari miwili inatosha. Daftari hili linaonekana kama usumbufu wa kiofisi mwanzoni, lakini baada ya mwaka mkilisoma ndo mtajua falsafa yenu halisi ni ipi, na mara nyingi haitafanana na mlichoandika mwanzo. Mkikuta tofauti badilisheni maandishi, au badilisheni tabia.

Mteja na fundi nao wamo

Ushirikiano ukiishia kwa wenye digrii ni nusu tu. Msanifu Ralph Erskine alipopewa kazi ya kuujenga upya mtaa wa Byker, Newcastle, Uingereza, timu yake ilifungua ofisi mtaani humohumo, kwenye jengo lililowahi kuwa la huduma za mazishi, mlango wazi, wakazi wanaingia kuuliza habari za nyumba zao na mara nyingine kuleta shida zisizohusu nyumba kabisa. Nyie hamhitaji kuhamia kwa mteja, ila kanuni yake inabebeka: kaeni mahali ambapo mtu anaweza kuwafikia bila kupanga miadi na bila kuvaa vizuri.

Mkiongea na watumiaji wa jengo msiwaulize mnataka dirisha kubwa au dogo, watajibu kubwa. Waambieni wawasimulie jana yao, uliamka saa ngapi, ulikaa wapi ulipopiga simu, viatu uliviacha wapi, nani alikuwa anakusumbua. Dirisha mtalijua wenyewe. Na mkileta modeli ileteni ya maboksi, mbaya mbaya, yenye kuta zinazochomoka, kwa sababu modeli nzuri watu wanaiogopa, wanaisifia na kwenda nyumbani. Pia semeni mapema kipi kiko wazi kujadiliwa na kipi hakipo. Kama nguzo injinia ameshazifunga usijifanye unaomba maoni ya nguzo, watu wakigundua walikuwa wanachezewa hawarudi tena na wana haki.

Fundi aitwe kabla michoro ya diteli, ile ya viungo vidogovidogo, haijakamilika. Mpe sekisheni (mchoro wa kitu kana kwamba kimekatwa katikati) ya ngazi au ya paa umuulize ungeanza na kipi, mkono wako utapita wapi ukifunga hii bolti. Utashangaa diteli ngapi zinachoreka na hazifungiki. Kama kazi inaenda kwenye zabuni na haifai kumshirikisha mmoja wa watakaoomba, tafuteni fundi ambaye hatashindania kazi hiyo na mumlipe muda wake. Ushauri wa bure wa fundi ni jambo ambalo ofisi zinazojiita za ushirikiano zinalifanya sana na mimi naliona ni aibu.

Majina na hela

Hapa nitaongea kwa kifupi maana hakuna ugumu, kuna aibu tu. Msanifu wa Marekani Robert Venturi alipewa Pritzker 1991 peke yake wakati Denise Scott Brown alikuwa mshirika wake wa ofisi na wa mawazo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2013 watu wengi wakasaini ombi kwamba naye atambuliwe, ikakataliwa. Nyie msisubiri kamati. Kila seti ya michoro iwe na majina ya waliofanya, injinia, mwanafunzi wa fildi, fundi aliyebuni kiungo cha pekee, na aliyehama ofisi jina lake libaki kwenye kazi yake. Upande wa hela, kama maamuzi ni ya wote lakini hasara na mkopo ni vya wawili, lisemeni hilo waziwazi tangu mwanzo, mshahara ujulikane, watu wanavumilia tofauti kuliko wanavyovumilia kufichwa.

Sasa ndo muandike

Tovuti iwe ya mwisho. Na hata hapo ningeshauri msiandike aya ya falsafa, chukueni kazi mbili tatu, kila moja iwekeni na kitu kimoja mlichokataa na sababu yake, pamoja na ile tresing pepa chafu ikiwezekana, mteja mwenye akili ataelewa kuliko angesoma kurasa kumi. Wapo watakaosoma wakaona hamuwafai wakaenda kwingine, afadhali waende mapema kuliko mkosane msingi umeshamwagwa.

Zile sentensi zenyewe zichapisheni kwenye karatasi moja yenye tarehe, ibandikeni pale printa ilipo ambapo kila mtu anasimama akisubiri michoro yake. Kutakuwa na kazi itakayowalazimisha kuvunja mojawapo, vunjeni, lakini iingie kwenye daftari mmevunja ipi na kwa nini, na ikionekana moja inavunjwa kila mara ujue haikuwa yenu. Ambayo mwaka mzima haijawazuia kufanya kitu chochote nayo itoeni, imekaa tu hapo. Mfanyakazi mpya akishazoea mpeni kalamu achague moja ambayo kwa macho yake ofisi haiifuati, aiseme kwenye kikao cha wiki mbele ya wote. Mkishindwa kumjibu kwa kumwonyesha mchoro, ifuteni siku hiyohiyo na yeye ndo aandike rasimu ya itakayokaa pale.